Sampuli za Amu na jina la mtafiti: uchambuzi wa kisa cha mtaalamu chipukizi wa virusi

Anayezungumziwa hapa ni binti wa Lamu, Pwani ya Kenya, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, mwenye shahada ya uzamili katika bayoinfomatiki (uchambuzi wa data za kibiolojia kwa kompyuta) na uzoefu wa miaka kadhaa katika maabara ya kusoma jenomu za virusi, yaani mfuatano wote wa herufi za urithi wa kirusi. Maabara hiyo iko bara, mbali na Pwani. Jina lake silitaji, na la binti huyu pia silitaji. Amenipa ruhusa ya kuandika kwa sababu sote wawili tunawajua vijana wengine waliokwama pale pale alipokuwa amekwama yeye. Nilimfundisha zamani, na hadi leo huniita Mwalimu.

Alipokuja kwangu alikuwa na mambo matatu mkononi. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa ukingoni, na mkuu wa maabara alikuwa tayari kuuongeza kwa mshahara ule ule. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kimempa nafasi ya uzamifu ya miaka minne, kazi yake ikiwa kuchambua jenomu za virusi vya Afrika ambazo tayari zimewekwa kwenye hifadhidata za dunia. Na la tatu lilikuwa wazo lake mwenyewe, kurasa mbili tu, kuhusu chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, katika kisiwa cha Amu, yaani Lamu kwa jina la wenyeji. Wazo hilo halikuwa na senti.

Kila aliyemuuliza alimwambia hapo hakuna la kufikiria, apande ndege. Mimi nilitaka kwanza anieleze anafanya nini kutwa.

Kazi yake ya kila siku

Sampuli hufika ikiwa imeganda. Huyeyushwa, RNA ya virusi, yaani molekuli inayobeba jenomu yao, ikatolewa, ikageuzwa kuwa DNA, kisha ikazidishwa vipande vipande, kila kipande kikiwa na herufi kama 400 na kikipishana kidogo na jirani yake. Vipande hivyo hutayarishwa na kuingizwa kwenye mashine. Siku hizi mashine yenyewe yaweza kuwa MinION, inayotosha kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta ya kawaida. Baada ya hapo ndipo kazi yake hasa inapoanza: kuvipanga vipande, kuvilinganisha na jenomu ya rejea, na kuamua herufi gani aiamini na ipi aitilie shaka. Jenomu ya chikungunya ina herufi kama 11,800. Ya virusi vya korona ina takriban 30,000. Mgonjwa akiwa na virusi vichache damuni, vipande vingine havizidishiki, na mahali pake panabaki mapengo. Mtu mwenye haraka huyajaza mapengo hayo kwa dhana. Yeye huyaacha wazi, akaandika sababu.

Ujuzi huu ulisambaa nchini kwa kasi wakati wa korona. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya muda mrefu kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome Trust pale Kilifi kilikuwa kinasoma sampuli za kaunti zote sita za Pwani, Lamu ikiwamo. Maabara nyingine nchini nazo zilinunua mashine na kuajiri vijana. Wimbi lilipopita mashine zilibaki. Vijana nao walibaki, lakini kwa mikataba mifupi iliyofungamana na mradi wa mtu mwingine.

Kwa hiyo kila mradi wa maabara ile ulipita mikononi mwake: virusi vya rota vya kuharisha watoto, RSV vya njia ya hewa, dengi, korona. Kila karatasi ya kisayansi iliyotoka ilikuwa na jina lake, na kila mara lilikuwa katikati ya orodha. Wasiokuwa wa fani hii huenda wasijue uzito wa jambo hilo. Katika sayansi za tiba, jina la kwanza ni la aliyeifanya na kuiandika kazi, na jina la mwisho kwa kawaida ni la mkuu aliyeisimamia. Waliomo katikati hushukuriwa na kusahauliwa. Mtu akiomba ruzuku ya uzamifu, jopo humuuliza ni kazi ipi iliyo yake. Alikuwa na karatasi za kutosha kujaza ukurasa, na hakuwa na hata moja ya kujibia swali hilo.

Nasema waziwazi kwamba hili si suala la mtu mmoja kunyimwa heshima. Maabara inayomwacha kijana katika nafasi hiyo kwa miaka inapata fundi mzuri na inampoteza mtafiti.

Kilichotokea Amu mwaka 2004

Wazo lake haliwezi kueleweka bila kurudi nyuma. Katikati ya mwaka 2004 Amu ilikumbwa na homa iliyoambatana na maumivu makali ya viungo. Wagonjwa walipimwa malaria, hawakuwa nayo. Vipimo vya maabara vilionyesha ni chikungunya, virusi vilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika. Oktoba 2004 watafiti walipima damu za wakazi 288 wa kisiwa na kukuta asilimia 75 walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Kwa mji uliokadiriwa kuwa na watu 18,000, hiyo ni sawa na watu kama 13,500. Yeye alikuwa mtoto wakati huo, na ni mmoja wa waliougua.

Kutoka Amu maradhi yalionekana Mombasa mwishoni mwa mwaka huo, kisha Ngazija mapema mwaka 2005, kisha kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. India nayo iliripoti zaidi ya wagonjwa milioni 1.3 waliodhaniwa kuwa na chikungunya katika mwaka 2006 peke yake. Mwaka 2007 yalifika hadi kaskazini mwa Italia.

Njiani virusi vilibadilika. Katika protini ya ganda inayoitwa E1, mahali pa 226, asidi amino moja (tofali la kujengea protini) iitwayo alanini ilibadilishwa na nyingine iitwayo valini. Badiliko hilo dogo liliviwezesha virusi kuenezwa vizuri zaidi na mbu aina ya Aedes albopictus, ambaye ndiye aliyekuwa tele Réunion, tofauti na Aedes aegypti wa kwetu. Tunajuaje kuwa badiliko lilitokea njiani, na kwamba halikuanzia Amu? Kwa sababu kuna watu waliozihifadhi sampuli za Lamu na Mombasa za mwaka 2004. Zilisomwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: virusi vya Pwani ya Kenya ndivyo vilivyokuwa chimbuko la mlipuko wa Bahari ya Hindi, na badiliko lile havikuwa nalo. Mwandishi wa kwanza wa kazi hiyo ni Kariuki Njenga. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Rosemary Sang, mtafiti wa KEMRI aliyetumia maisha yake ya kazi kuwafuatilia mbu na virusi wanavyobeba, pamoja na Kibet Sergon, ambaye ndiye mwandishi wa kwanza wa ule uchunguzi wa damu uliofanywa Amu.

Mtu asipite haraka hapo. Ingekuwa friza moja imezimika, au daftari moja limepotea, historia ya mlipuko ule ingeanza Ngazija, na Amu isingetajwa. Na majina yaliyotangulia kwenye kazi hizo mbili ni ya Wakenya walioijua nchi yao. Nilimpa azisome tena zote mbili, safari hii akitazama nani alifanya nini.

Sasa wazo lake. Aliyeugua chikungunya hupata kinga ya muda mrefu sana, pengine ya maisha. Waliougua Amu mwaka 2004 bado wanayo. Lakini watoto wote waliozaliwa baada ya hapo, ambao sasa wakubwa wao wamepita miaka 20, hawana, isipokuwa kama virusi vimekuwa vikizunguka kimyakimya bila kupimwa. Chikungunya ilizuka tena Mandera mwaka 2016, na Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Bandari mpya ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021. Je, Amu imeguswa tena tangu 2004, na kama imeguswa, na virusi vya ukoo upi? Virusi hivi hupata mabadiliko machache tu kwa mwaka, chini ya herufi kumi katika jenomu nzima, hivyo sampuli yenye tarehe sahihi na mahali sahihi inaweza kueleza vilipita njia gani na lini.

Hilo ni swali zuri. Lina historia, linaweza kujibiwa, na jibu lake litaisaidia hospitali ya kaunti kujua ni nani walio hatarini. Nilimwambia hivyo, na akanyamaza. Nadhani hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwamba alichokiona yeye kinatosha kuwa sayansi.

Sampuli zilizoandikwa “Lamu”

Kuna tukio lililonifanya nisadiki kuwa binti huyu ni mtafiti. Maabara ilikuwa imepokea sampuli za virusi vya njia ya hewa kutoka kaunti mbalimbali. Mbili ziliandikwa mahali pamoja, “Lamu”, na wiki moja, lakini jenomu zake zilitofautiana mno kuwa za mnyororo mmoja wa maambukizi. Waliokuwa wakichora mti wa nasaba ya virusi walitaka kuiondoa moja kwa kudhani imechafuka maabara.

Yeye alijua kuwa “Lamu” kwenye fomu yaweza kuwa kisiwa, yaweza kuwa kaunti nzima. Alimpigia simu muuguzi aliyezituma, wakapekua rejista pamoja. Moja ilitoka Mpeketoni, bara, mahali pa mashamba na magari yaendayo Mombasa na Nairobi. Nyingine ilitoka Faza, kisiwani Pate, ambako hufiki ila kwa chombo. Hazikuwa na sababu ya kufanana. Hakuna iliyochafuka.

Hakuishia hapo. Aliandika fomu mpya: wadi, mtaa au kijiji, siku homa ilipoanza, na safari za wiki mbili zilizopita. Fomu hiyo ilianza kutumika kwa kaunti zote. Rasimu ya karatasi ilipozunguka, jina lake lilikuwa la sita. La kwanza lilikuwa la mwenzao wa chuo cha nje, aliyechora mti.

Huyo wa nje hakufanya ubaya wowote. Alipewa data safi akaifanyia kazi. Tatizo ni kwamba kazi ya kuifanya data iwe safi, kwa kuijua nchi na kuuliza maswali sahihi, haikuhesabiwa kuwa ni fikra. Ilihesabiwa kuwa ni usaidizi.

“Mwalimu, nikilisema hili ataniona nina kiburi,” aliniambia, akimaanisha mkuu wake.

“Mwanangu, usiende na malalamiko. Nenda na karatasi.”

Kuna masharti manne ambayo majarida ya tiba duniani huyafuata katika suala la uandishi: mchango mkubwa katika kubuni kazi au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri data; kushiriki kuandika au kuhakiki maandishi; kuidhinisha toleo la mwisho; na kuwa tayari kuwajibika kwa kazi hiyo. Nilimtaka aandike ukurasa mmoja tu, bila kivumishi hata kimoja: tarehe, alichofanya, na faili inayothibitisha. Aombe pia kuandika mwenyewe sehemu ya mbinu na aya za matokeo zinazohusu Pwani, ili sharti la pili lisiwe na utata.

Mkuu wake alisoma ukurasa ule akakiri kuwa hakujua nusu ya yaliyomo. Namwamini. Wakuu wa maabara wanaishi kwenye maombi ya ruzuku na ripoti za wafadhili. Ya mezani hawayaoni. Karatasi ilitoka na waandishi wa kwanza wawili wa pamoja, yeye akiwa mmoja wao. La maana zaidi kwangu ni kwamba maabara sasa huandika mpango wa uandishi kabla ya sampuli ya kwanza kufika, wakati ambapo hakuna aliyekasirika bado.

Njia tatu, na kwa nini hakwenda

Sitaki nieleweke kuwa nawazuia vijana kwenda nje. Wengi wa waliojenga maabara za jenomu barani Afrika walisoma nje wakarudi, na walirudi na marafiki, mbinu na ujasiri. Angepewa nafasi ya kujifunza asichokijua, ningembebea begi hadi uwanja wa ndege wa Manda.

Lakini tulipoisoma barua ile taratibu, tulikuta kwamba asilimia kubwa ya kazi ilikuwa ni ile anayoifanya tayari. Swali la utafiti lilikuwa la msimamizi. Data zilikuwa za hifadhidata, nyingi zikiwa na mahali pamoja tu: jina la nchi. Yeye, aliyeona tofauti ya Mpeketoni na Faza, angekaa miaka minne akichambua jenomu zilizoandikwa “Kenya” bila namba ya simu ya muuguzi wa kumuuliza. Baada ya hapo angerudi na shahada, jambo kubwa, ila akiwa hana sampuli, hana uhusiano na hospitali yoyote ya nyumbani, na swali lake la chikungunya likiwa limeulizwa na mwingine.

Kubaki kwenye mkataba kulikuwa na hoja moja nzito: mshahara. Yupo mama Langoni, na wapo wadogo wanaolipiwa karo. Si haki kumwambia kijana wa namna hiyo afuate ndoto huku sisi wengine tunakula mishahara yetu. Ila usalama wa mkataba nao ulikuwa umeanza kuyumba. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na taasisi ya afya ya nchi hiyo, NIH, ikabadilisha utaratibu wa ruzuku zake zinazofika taasisi za nje kupitia mpokeaji mwingine. Katika maabara yake walioguswa kwanza ni vijana wa mikataba. Kwetu hapa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti, na hatujafika hata nusu yake. Nimewahi kusikia watu wakiwalaumu vijana kwa kukimbilia nje. Wawaulize kwanza wanaoandika bajeti.

Tulichokubaliana kilichanganya njia zote tatu. Aliuongeza mkataba, lakini wa nusu ya muda, na kwa barua inayosema saa zilizobaki ni za utafiti wake na kwamba anaweza kutumia mashine kwa kununua vitendanishi vyake, yaani kemikali za maabara. Alijisajili uzamifu katika chuo cha umma cha hapa nchini. Kwa msimamizi wa Ulaya aliandika barua ya adabu, akaeleza kwa nini hawezi kuichukua nafasi ile na akamwomba awe msimamizi mwenza, pamoja na miezi michache ya kujifunza huko namna ya kukokotoa saa ya mabadiliko ya jeni, yaani kukadiria tarehe kwa kuhesabu mabadiliko hayo, jambo ambalo kweli hakulijua. Mzee yule alikubali siku chache baadaye. Mshahara ulipungua. Mama yake alimuuliza, “Sasa mwanangu, wasoma mpaka lini?” Swali la haki, na bado hajampa jibu la kumridhisha.

Damu, maduka ya dawa na friza

Sehemu ngumu ya kazi hii haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye siku tano za mwanzo za homa.

Virusi vya chikungunya hukaa damuni kwa wiki moja au pungufu. Baada ya hapo zinabaki kingamwili, zinazoonyesha kuwa mtu aliwahi kuambukizwa bila kukupa jenomu ya kusoma. Na mtu wa Amu akishikwa na homa haendi hospitali siku ya kwanza. Huenda duka la dawa, akanunua Panadol na pengine dawa ya malaria, akalala. Akifika hospitali siku ya nane kwa sababu magoti yamekataa, sampuli yake imeshapita wakati.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa kukaa hospitalini akisubiri wagonjwa. Niliuchora mstari mwekundu. Mpango wa sasa unaanzia madukani: mwenye duka akimwona mtu mwenye homa ya siku chache na maumivu ya viungo, anampa kikaratasi cha kumfikisha kwa muuguzi wa mradi. Kuna kitu atakachokipata huko siku hiyo hiyo, nacho ni kipimo cha haraka cha malaria na cha dengi. Hili nililishikilia kwa nguvu. Mgonjwa anataka kujua leo anaumwa nini. Kumwambia kuwa jenomu ya virusi vyake itasaidia sayansi baada ya miezi miwili ni kweli, lakini hakumsaidii chochote akiwa amelala kitandani.

Alikwenda kwa wazee wa mitaa, Langoni na Mkomani, kisha Shela na Matondoni. Walimjua: ni mjukuu wa fulani. Hilo lilimfungulia milango, na lilimbana pia, kwa sababu mgeni hudanganya akaondoka, na mwenyeji hana pa kuondokea. Mzee mmoja alimuuliza moja kwa moja, “Damu yetu mwaipeleka wapi?” Ndilo swali lililojaza sehemu kubwa ya andiko lake la maadili. Alijibu kwa vitu vinavyoweza kukaguliwa: friza ipi, mji upi, kwa miaka mingapi, nani ana ruhusa ya kuifungua, na kwamba hakuna sampuli itakayotoka nchini bila mkataba wa maandishi wa kuhamisha sampuli. Majina ya wagonjwa hayatasafiri na sampuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka hivyo, na hata isingetaka, mji mdogo kama Amu unahitaji siri zaidi kuliko mji mkubwa. Ukiandika mtaa, umri na kazi ya mtu, jirani amemjua. Kwa hiyo kwenye hifadhidata ya dunia atapeleka kisiwa na mwezi. Mtaa na siku vitabaki kwenye daftari lililofungwa.

Alitaka pia kuwashughulikia mbu. Alikuwa na hoja nzuri: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliuhusisha mlipuko wa 2004 na ukame, kwa kuwa maji yakiadimika watu huyaweka muda mrefu ndani ya nyumba bila kuyabadilisha, na Aedes aegypti huzaliana humo. Amu inayajua mambo haya tangu kale. Katika nyumba za zamani, birika la msalani liliwekewa samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini yake bakuli la kauri la kuwahifadhi samaki maji yakipungua. Leo matangi ya plastiki na mapipa ni mengi kuliko mabirika, na hayana samaki. Ningependa sana kuisoma kazi hiyo siku moja. Lakini mbu ni uzamifu mwingine, wa mtu mwingine, na nilimwambia autoe. Aliutoa kwa shingo upande.

Tulibishana pia kuhusu mashine. Mwaka 2015, wakati wa Ebola, watafiti walibeba MinION kwenye mizigo ya kawaida ya ndege hadi Guinea wakasoma jenomu huko huko. Watu wengi walimshauri afanye hivyo Amu, na ni kweli ingependeza kwenye picha. Yeye ndiye aliyekataa, na sababu zake zilikuwa za mtu anayeijua kazi. Kusoma jenomu kunahitaji vitendanishi vya baridi kali, umeme usiokatika na mtu wa kuitunza mashine mwaka mzima. Kinachokosekana Amu kwanza ni cha chini zaidi ya hapo: friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na mtu mwenye wajibu wa kulitazama joto lake kila asubuhi. RNA huvunjika haraka. Sampuli ikitoka hospitalini hubebwa hadi gatini, ikavuka kwa boti hadi Manda au Mokowe, kisha ndege au barabara ya Witu na Garsen. Chombo kikichelewa, barafu kavu inageuka gesi na kuisha bila kumsubiri mtu. Kwa hiyo bajeti yake ina friza, kipimajoto kinachotuma ujumbe kwenye simu, na posho ya mtaalamu wa maabara wa hospitali. Mashine ya kusomea haimo. Mfadhili mmoja mdogo amekubali kulipia mwaka wa kwanza, na mtaalamu huyo ameingizwa kwenye mpango wa uandishi tangu sasa.

Kamati ya maadili imemjibu. Wameipenda fomu yake ya ridhaa, iliyoandikwa Kiswahili kwanza, na wameomba mambo mawili kabla ya kutoa kibali ambacho atakiambatisha kwenye ombi lake kwa NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti. La kwanza, apunguze maswali ya dodoso, na alilimaliza siku hiyo hiyo. La pili, aeleze nani atalipia umeme wa friza baada ya mradi kwisha. Bajeti yake ni ya miaka mitatu. Ameshakaa na mkuu wa maabara ya hospitali, na barua yao kwa idara ya afya ya kaunti imekwenda. Jibu bado halijaja.